Kifafa, GABA na Kauli ya "Umeme Umezidi"

Dhana: Kifafa ni umeme wa ubongo uliozidi, kwa hiyo dawa yoyote inayotuliza itasaidia.

Kauli hii imenichosha kuliko nyingine zote, na hunichosha zaidi inapotoka kwa wahudumu wa afya ambao walipaswa kuwa wameivuka. Anayeisema huwa na picha ya gari kichwani: msisimko ni mafuta, uzuiaji ni breki, na mgonjwa ni gari linalokwenda kasi mno. Kuna chembe ya ukweli ndani yake, kwa kuwa kemikali ya ubongo iitwayo glutamati huisukuma niuroni, yaani seli ya neva, ifyatue mpigo wa umeme, na nyingine iitwayo GABA huizuia, na diazepamu, inayoipa GABA nguvu zaidi, hukatiza degedege. Ubaya wake ni kwamba humfanya mtu aamini kuwa kadiri uzuiaji unavyoongezeka ndivyo mgonjwa anavyokuwa salama.

Kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, uzuiaji haukai pembeni ukingoja mambo yaharibike. Taarifa ya sauti au ya mguso inapofika, nyuzi zilezile zinazosisimua niuroni za piramidi (niuroni kuu za msisimko) husisimua pia niuroni za uzuiaji zilizo jirani, nazo hujibu baada ya milisekunde chache. Kwa hiyo niuroni ya piramidi hupata nafasi finyu ya kufyatua kabla GABA haijaifikia, na ufinyu huo ndio unaoifanya ifyatue kwa wakati barabara. Uzuiaji huo ukiondolewa, majibu hutawanyika na hayaoneshi tena kwa usahihi taarifa iliingia lini. Zipo hata niuroni za uzuiaji ambazo kazi yake kubwa ni kuzuia niuroni nyingine za uzuiaji; hizi zikichapa kazi, niuroni za piramidi husisimka zaidi.

Mfano unaopaswa kumaliza ubishi ni kifafa cha kuzubaa, kile ambacho mtoto hukatiza sentensi katikati, hukodoa macho kwa sekunde kumi hivi, kisha huendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Katika thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha taarifa kwenda kwenye gamba, GABA hushusha volteji ya niuroni, na kushuka huko kunaiandaa upya mifereji ya kalsiamu (vijia vya kuipitisha kalsiamu kwenye utando wa seli) ambayo ilikuwa imejifunga; GABA inapopungua, mifereji hiyo hufunguka kwa pamoja, niuroni hufyatua kwa mkupuo, na mzunguko huanza tena, takribani mara 3 kwa sekunde, kama mawimbi ya EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, yanavyoonesha. Hapa uzuiaji wenyewe ni sehemu ya mtambo unaozalisha kifafa. Ndiyo maana dawa zinazoongeza GABA kila mahali, kama vigabatrini na tiagabini, zinaweza kuzidisha vipindi vya kuzubaa, ilhali ethosuksimidi, ambayo hulenga mifereji ya kalsiamu, huvipunguza.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika ugonjwa wa Dravet, watoto wengi huwa na hitilafu kwenye jeni ya SCN1A, inayobeba maelekezo ya kutengeneza mfereji wa sodiamu ambao niuroni za uzuiaji huutegemea sana ili ziweze kufyatua kwa kasi. Mpe mtoto huyo kabamazepini au fenitoini, dawa zinazobana mifereji ya sodiamu na ambazo kwa mantiki ya "kupunguza umeme" zingefaa kabisa, na utakuwa umezidhoofisha niuroni ambazo tayari zilikuwa hoi. Degedege huongezeka, familia huomba dozi ipandishwe, na wapo wanaoipandisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza dawa ipi ina nguvu zaidi, nileteeni video ya simu. Rekodini tukio tangu linapoanza, mkionesha macho na mikono yote miwili, na msimfunike mtoto shuka. Aina ya kifafa ndiyo inayochagua dawa, na sekunde hizo chache mara nyingi hunifaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Dhana: Usawa wa msisimko na uzuiaji maana yake nusu kwa nusu.

Hapana. Katika gamba la ubongo, takribani asilimia 80 ya niuroni ni za msisimko na 20 hivi ni za uzuiaji, lakini nyingi kati ya hizo chache hufyatua kwa kasi na kushika sinapsi, yaani maungio ya mawasiliano kati ya niuroni, kwenye mwili wa seli au karibu yake, mahali ambapo uamuzi wa kufyatua hufanyika. Usawa unaozungumziwa ni wa kila kitambo ndani ya kila niuroni, yaani msisimko unapopanda uzuiaji hupanda nao. Mwaka 1996, watafiti van Vreeswijk na Sompolinsky walionesha kwa hesabu kwamba mtandao ambao nguvu hizi mbili ni kubwa na zinakaribia kufutana haunyamazi, bali hufyatua bila mpangilio wa kudumu, kama gamba la ubongo hai linavyofanya.

Dhana: Vidonge vya GABA hurudisha usawa.

GABA ya kumeza hupita kwa shida sana kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na glutamati, kwa kimeng'enya kinachohitaji vitamini B6. Ndiyo sababu izoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayovuruga kazi ya vitamini hiyo, huleta degedege mtu anapoizidisha, na tiba yake ni piridoksini. Tafadhali msiende kujinunulia B6 kwa wingi baada ya kusoma haya, kwani dozi kubwa za muda mrefu huharibu neva za miguu na mikono.

Dhana: GABA huzuia siku zote.

Inategemea kiasi cha kloridi ndani ya seli. Katika niuroni changa kloridi huwa nyingi, na GABA inaweza kupandisha volteji badala ya kuishusha. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini fenobabitali, dawa ya degedege inayoipa GABA nguvu, hushindwa kuwasaidia baadhi ya watoto wachanga.

Dhana: Ukipata nafuu, acha dawa.

Mwaka 1998, mtafiti Gina Turrigiano na wenzake walionesha kwamba niuroni za gamba la ubongo zilizonyamazishwa kwa siku mbili huongeza nguvu ya sinapsi zao za msisimko. Ubongo haukubali kukandamizwa bila kujibu. Anayetumia benzodiazepini (kundi la dawa kama diazepamu) kila siku kwa muda mrefu huwa na ubongo uliokwisha kujirekebisha kuikabili, na akiiacha ghafla anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kwa mnywaji wa pombe wa kila siku, degedege za kuacha huja zaidi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Dozi hupunguzwa polepole, kwa ratiba ya daktari.

Vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hubadilika hata ndani ya tukio moja. Degedege ikiendelea, sehemu ya vipokezi hivyo huondolewa kwenye uso wa seli na kuingizwa ndani, hivyo dozi ambayo ingetosha mwanzoni hufanya kazi kidogo zaidi kadiri muda unavyokwenda. Kama mlipewa dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani, itoeni degedege inapofika dakika ya 5, wala msingoje kuona kama itapita yenyewe.