Taa za Rangi Kwenye Tangi la Samaki: Soma Lebo Kwanza

Malalamiko kuhusu taa za rangi zinazofungwa kwenye matangi ya samaki majumbani yanazidi kutufikia, na mengi yana chanzo kimoja: mnunuzi alichagua rangi, hakuchagua taa. Bluu, nyekundu au zambarau haisemi lolote kuhusu usalama wa kifaa. Kinachosema ni lebo iliyo mgongoni mwa taa na ile ya kwenye adapta, wala si picha ya boksi.

Tafuta herufi IP na tarakimu mbili zinazozifuata. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili inahusu maji. IP20 haina kinga yoyote dhidi ya maji. IP44 huhimili maji yanayoruka, IP65 huhimili maji yanayopigwa kwa bomba, na IP67 huvumilia kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Taa ya kukaa majini siku zote ni ya IP68 peke yake, tena kwa kina alichokitaja mtengenezaji. Kwa taa inayofungwa chini ya mfuniko tunashauri IP67, kwa sababu mfuniko hutoka jasho usiku kucha na taa yenyewe inaweza kuchomoka na kuangukia majini. Maneno “haipitishi maji” yasiyoambatana na tarakimu hizo ni tangazo tu.

Taa za utepe ndizo zinazotusumbua zaidi. Huuzwa kwa roli la mita 5, na mtu hukata kipande kinachomtosha. Pale ulipokata, kinga ya IP imekwisha. Unyevu hupenya, shaba huanza kuota kutu ya kijani, na baada ya wiki kadhaa rangi moja hufa au utepe mzima hupata moto pale kwenye kiungo. Shaba hiyo ikiingia majini huwaua uduvi na konokono kabla samaki hawajaonyesha dalili yoyote. Ziba ncha kwa silikoni isiyonuka siki, kwa kuwa ile inayonuka siki hutoa asidi inayokula shaba wakati inakauka. Hata ukiziba vizuri namna gani, utepe uliokatwa ukae juu ya kioo cha kufunikia, usiingie majini. Kiboksi kidogo kinachopokea mawimbi ya rimoti nacho kwa kawaida hakina kinga ya maji. Kifunge nje ya tangi, juu kuliko usawa wa maji.

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba volti 12 haziwezi kumdhuru mtu. Volti 12 ziko upande mmoja wa adapta. Upande wa pili ni umeme kamili wa nyumba, na adapta duni hutenganisha pande hizo kwa plastiki nyembamba tu. Kwa hiyo adapta haining'inizwi juu ya tangi wala kulazwa kwenye mfuniko. Nguvu yake pia ipigiwe hesabu: utepe wa wati 14.4 kwa mita, ukiwa na urefu wa mita 1, unakula ampia 1.2 kwa volti 12. Adapta ya ampia 1 inaweza kuchemka hadi iungue. Chukua ya ampia 2.

Waya wa kila kifaa cha tangi ulegezwe ushuke chini ya usawa wa soketi, kisha ndipo upande kwenda kwenye plagi. Maji hufuata waya. Yakikuta kitanzi hicho, hudondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Saketi iwe na kifaa cha RCD kinachokata umeme pale unapovuja miliampia 30, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, kwani swichi nyingi hukata waya mmoja tu. Taa ikizama, usiifuate: kata umeme kwenye swichi kuu, chomoa plagi, ndipo uitoe. Hata ikiwaka tena baada ya kukauka, isirudishwe kazini.

Jambo ambalo halivumiliki ni taa ya UV-C, yaani ya miale ya urujuanimno, kutumiwa kama pambo. Inatoa mng'ao wa bluu hafifu unaopendeza, lakini kazi yake ni kuua vijidudu kwa mawimbi ya nanomita 254, na mawimbi hayo hayaonekani. Huunguza ngozi na kuchoma macho. Maumivu, kama mchanga machoni, huja saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau alichokitazama. Mahali pake ni ndani ya kichujio kilichofungwa kabisa. Kinyume chake pia ni kosa: taa ya kawaida ya LED ya bluu haisafishi maji wala kutibu ugonjwa wowote wa samaki.

Samaki wenyewe hawana kope za kufumba. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha, na 6 kwa tangi jipya, la sivyo mwani utafunika vioo. Taima iwashe na kuzima kwa saa zilezile, ikiwezekana mwanga upande polepole kwa dakika 20 au 30, kwani taa inayowaka ghafla gizani huwafanya samaki wajigonge. Mitindo ya kumetameta iachwe. Bluu ya “mbalamwezi” isiwashwe hadi asubuhi, kwani inavuruga usingizi wao. Wanaodhani nyekundu haionekani kwa samaki wakumbuke kwamba samaki wa dhahabu ana chembe za jicho zinazoiona rangi hiyo vizuri sana.

Kifaa kikiwa na kasoro, malalamiko yafuate utaratibu. Chomoa, usikifungue, usikate plagi. Piga picha ya lebo mbili, ya taa na ya adapta, zikionyesha modeli, volti, wati na namba ya toleo. Tia kila kitu kwenye mfuko pamoja na risiti na boksi, kisha andika tarehe ya kununua, siku kilipoharibika na kilifungwa wapi. Kifaa kilichofunguliwa hakipimiki tena kwa haki, kwa sababu muuzaji atadai kilichezewa. Kikithibitika ni hatari, sheria za nchi nyingi huruhusu kusimamisha mauzo, kuondoa shehena sokoni na kuwarudishia wanunuzi fedha. Anayeendelea kuuza baada ya amri ya kusimamisha hukabiliwa na faini, kutaifishwa kwa mali, au mashtaka. Bila lebo, kifaa hakiunganiki na shehena yoyote, na hatua hizo haziwezi kuanza.