Je, wajua kwa nini kibali cha mtunzaji wa nyumbani kutoka ng'ambo hutaja mwajiri mmoja tu?

Katika nchi nyingi, mtu anayeajiriwa kutoka ng'ambo kwenda kumtunza mzee au mgonjwa nyumbani hupewa kibali cha kazi chenye jina la mwajiri mmoja, na akiachana naye, haki yake ya kuishi nchini humo huingia mashakani. Sababu inayotolewa na serikali ni kwamba familia hutakiwa kwanza kuonyesha kuwa imemkosa mfanyakazi miongoni mwa wenyeji, kwa hiyo mgeni huruhusiwa kuziba pengo la nyumba ile, wala si kuingia katika soko zima la ajira.

Hoja hiyo ina mantiki, lakini husahau kwamba katika kazi hii anayehudumiwa, ambaye mara nyingi ndiye mwajiri, ni mtu dhaifu kiafya. Siku akifariki dunia, msingi wa kibali huondoka naye. Mtunzaji hufiwa na mtu aliyekuwa akimwogesha na kumlisha kila siku, na papo hapo hupoteza mshahara, mahali pa kulala na, asipopata nyumba nyingine katika muda uliowekwa, kibali chenyewe. Kama alikopa ili kumlipa wakala, deni halingoji matanga yaishe.

Hata mwajiri akiwa hai, kibali cha namna hiyo humfanya mtunzaji aogope kulalamika. Mpango ulioanzishwa Kanada mwaka 1992 ulimtaka aishi nyumbani kwa mwajiri na atimize miezi 24 ya kazi kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Si ajabu kwamba wapo waliovumilia saa za ziada bila malipo, maana kuhama kulimaanisha kusubiri kibali kipya huku muda ukiyoyoma. Sharti la kuishi humo liliondolewa mwaka 2014. Nchini Israeli, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2006 kwamba kumfunga mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri mmoja kunakiuka haki zake za msingi.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unamhakikishia mfanyakazi wa nyumbani haki ya kushika pasipoti yake mwenyewe, na ya kutolazimishwa kubaki ndani ya nyumba ya mwajiri siku yake ya mapumziko. Hata hivyo, unazibana nchi zilizouridhia tu.