Kuhama kwa ncha si "dhahiri" hata kidogo

Mara ya tatu sasa nasikia "kuhama dhahiri kwa ncha" (tafsiri ya Kiingereza "apparent polar wander") kukitajwa kwa uhakika mkubwa, na wasikilizaji wanaondoka wakiamini kwamba ncha ya sumaku ya dunia ilikuwa mzururaji, enzi hii Pasifiki, enzi ile Siberia.

Dhana yenyewe ni fupi. Lava iliyoganda ikiendelea kupoa hadi chini ya nyuzijoto 580 hivi, chembe zake za magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) hushika uelekeo wa uga wa sumaku wa wakati huo. Kwenye ikweta uga hulala, kwenye ncha husimama wima, kwa hiyo mwinamo uliohifadhiwa mwambani hutaja latitudo (longitudo hautaji). Ndiyo maana tunajua kwamba lava za Deccan, magharibi mwa India, zenye miaka milioni 66 hivi, zilimwagika kusini mwa ikweta.

Sasa hilo "dhahiri". Kwa Waarabu ni kile cha nje, kinyume cha batini, na cha nje chaweza kuwa kweli au sura tu. Sisi tulichukua upande mmoja. Uongo wa dhahiri ni uongo usio na shaka, si kitu kinachofanana na uongo. Mfasiri alitaka kusema "huonekana hivyo tu", akaandika kinyume chake.

Na kweli huonekana hivyo tu. Miamba ya Ulaya ya umri mbalimbali huiweka ncha mahali tofauti tofauti, ukiunganisha nukta unapata njia. Hata mwanajiofizikia Keith Runcorn mwanzoni alidhani ncha ndiyo iliyotembea. Kisha miamba ya Marekani ikatoa njia yake, pembeni ya ile ya Ulaya. Ncha ya kaskazini haiwezi kuwa mbili! Ukiifunga Atlantiki kwenye ramani, njia hizo karibu zilaliane: waliosafiri ni mabara.

Mimi husema "njia ya ncha ionekanavyo", ingawa ni ndefu. Kuna pia kuhama kwa kweli, pale tabaka za nje za dunia zinapozunguka zote kwa pamoja, zikiuacha mhimili palepale. Neno dhahiri, kama hatuwezi kuliacha, tuliwekee hilo.