Eti Hiroshima bado kuna mionzi? Siku moja ya kuzunguka na kula

Nilipomwambia mama kwamba nikitoka Osaka nitapitia Hiroshima siku moja, jibu lake WhatsApp lilikuwa fupi tu, "usinywe maji ya huko mwanangu". Washkaji nao wakadakia, mara utarudi unang'aa usiku, mara usioe kabla hujapima. Utani, lakini ukiwabana kidogo unakuta kweli wanaamini mji umezungushiwa waya kama Chernobyl kule Ukraine na watu wanapita mbio wameziba pua.

Sasa iko hivi. Chernobyl ni mtambo wa nyuklia uliojaa tani na tani za fueli, ukaungua pale pale ardhini siku kadhaa. Bomu la atomiki ambalo Wamarekani waliidondoshea Hiroshima mwaka 1945 lilikuwa na kilo kama 64 za urani, na iliyofanya kazi haifiki hata kilo moja, halafu lililipukia juu angani, mita kama 600, kwahiyo uchafu mwingi ulipanda na lile wingu ukatawanyika, na mionzi iliyobaki chini ikapungua haraka sana. Leo ukipima Hiroshima unapata kiwango cha kawaida kama mji wowote. Hii haimaanishi mionzi haikuua watu, iliua, na wengine iliwafuata miaka baadaye, yule mtoto Sadako Sasaki, aliyekunja ndege za karatasi hospitalini akiomba apone, alikuwa na miaka 2 siku ile na akafa kwa leukemia, saratani ya damu, mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Mwaka 1945 kulikuwa na uvumi kwamba hakuna kitu kitaota pale miaka 75. Oleanda zikachanua kabla watu hawajamaliza hata kusafisha vifusi, na ndo maana mpaka leo ndo ua la jiji.

Halafu eti ni magofu. Aisee shuka stesheni uone. Ni jiji la watu zaidi ya milioni moja, maghorofa, mito, foleni, na wewe unayeendesha Demio hapo Nairobi au Dar jua kwamba makao makuu ya Mazda yapo hapo hapo pembeni. Gofu maarufu ni moja tu, lile la Genbaku Dome, yaani Kuba la Bomu la Atomiki, na lenyewe limeachwa makusudi. Lilijengwa mwaka 1915, msanifu Mcheki anaitwa Jan Letzel, lilikuwa jengo la maonyesho ya biashara. Wengi wanadhani lilibaki kwa sababu lilikuwa mbali, kumbe ni kinyume, bomu lililipuka karibu juu yake kabisa kwahiyo nguvu ilishuka kutoka juu na baadhi ya kuta zikabaki zimesimama, waliokuwemo ndani wote wakafa. Wenyeji wenyewe waligombana miaka mingi, wengine wakisema libomolewe linawatonesha, mpaka mwaka 1966 baraza la jiji likaamua libaki. UNESCO wakaliingiza kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 1996.

Makumbusho ya bomu yapo ng'ambo ya mto tu, kiingilio yeni 200. Nenda asubuhi na usiende umeshiba. Kuna saa ya mkononi imesimama saa mbili na robo, kuna baiskeli ya matairi matatu ya mtoto, na ukumbi mzima umejaa watu lakini unasikia miguu tu.

Na kuna dhana moja inayoniudhi kuliko zote, ile ya "hayo ni mambo yao Wajapani na Wamarekani, sisi Waafrika tunahusikaje". Sehemu kubwa ya urani ya ule mradi wa Wamarekani wa kutengeneza bomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, huko huko kunakoongewa Kiswahili, enzi za Mbelgiji. Waliochimba ni Wakongo, wakabeba yale mawe bila kuambiwa yanaenda kufanya nini. Hii sikufundishwa shuleni hata siku moja.

Basi nikatoka pale sina hamu ya kitu, nikapanda tramu. Tramu za mji huu zilianza tena kutembea kipande cha njia tarehe 9 Agosti 1945, siku 3 tu baada ya bomu, na mbili zilizopigwa siku ile, namba 651 na 652, zilitengenezwa zikarudi barabarani zikabeba abiria miaka na miaka.

Tuje kwenye kula. Watu wakisikia Japani wanawaza sushi tu. Hapa chakula chao ni okonomiyaki, na tafadhali usiite pizza ya Kijapani, mi sijaona inafanana wapi. Kitu cha karibu ni chapati ya maji. Mpishi anamwaga uji mwembamba kwenye bapa la chuma la moto, anautandaza duara, anarundika kabeji mlima mzima mpaka unajiuliza hii itageuzwaje, anaweka nyama juu, anageuza kwa fujo, pembeni anakaanga tambi, anazipandishia juu yake, mwisho yai, halafu sosi nzito yenye utamu. Osaka wao wanachanganya vyote kwenye bakuli kabla ya kukaanga, Hiroshima wanapanga tabaka kwa tabaka, na ukimwambia mtu wa Hiroshima kwamba ni kitu kilekile ujue umemkosea. Hata jina "Hiroshimayaki" wengi hawalipendi, kwao hii ndo okonomiyaki yenyewe, hiyo nyingine ndo iitwe ya Osaka.

Waislamu angalieni, nyama ya kawaida ni nguruwe. Unaweza kusema "butaniku nashi" wakaitoa, lakini chuma ni kilekile cha wote, kwahiyo kama unajali hilo tafuta sehemu ya halali kabla hujatoka hotelini. Mi nilikula kwenye jengo la Okonomimura, ghorofa kadhaa za vibanda tupu, umekaa kwenye stuli mbele ya chuma, unakata na kula kwa kijiko bapa cha chuma, ulimi unaungua kwa uzembe wako. Maji ya barafu mezani ni bure. Nikapiga picha glasi nikamtumia mama. Hakujibu.

Mchana nikaenda kisiwa cha Miyajima, treni kama nusu saa halafu pantoni dakika 10. Lile lango jekundu baharini, la hekalu la Itsukushima, kila mtu anajua limechimbiwa chini kama nguzo za gati, si ndiyo? Hapana. Chini ya tope kuna vigingi, ila nguzo za lango zimekaa juu tu, linasimama kwa uzito wake, tani kama 60, urefu mita 16 hivi, na boriti ya juu wameijaza mawe ili likandamize. Limesimama hivyo tangu 1875. Na siyo kwamba linaelea muda wote kama kwenye picha. Mtu wa pwani huhitaji kuelezwa kupwa na kujaa, ila angalia ratiba ya maji kabla ya kwenda, mi nilikuta yamekupwa nikatembea mpaka kwenye nguzo na viatu vimejaa tope.

Chaza wanachomwa na magamba yake, na zaidi ya nusu ya chaza wa kufugwa Japani nzima wanatoka mkoa huu. Kuna vile vikeki vya momiji manju vyenye maharage matamu ndani, aliyezoea maharage ya nazi na sukari kwenye futari hatashangaa. Vile palepale uliponunulia, maana kulungu wa Miyajima siyo kama wa mji wa Nara unaowanunulia biskuti, hapa hairuhusiwi kuwalisha na wao hilo tangazo hawajalisoma. Mmoja alinifuata kutoka gatini, nikadhani ananipenda, kumbe amekula ramani yangu nusu.