Dakika 45 ndani ya chumba cha chumvi kavu

Mgeni akiingia chumba cha chumvi, mahali watu wanapokaa kuvuta vumbi laini la chumvi ili kulegeza makohozi, huangalia kuta kwanza: mawe ya rangi ya waridi, taa hafifu, chumvi iliyomwagwa sakafuni kama mchanga wa ufukweni. Panapendeza kweli, lakini hayo siyo yanayofika kifuani. Jiwe la chumvi likikaa ukutani halitoi mvuke wala halirushi vumbi, na waridi lile ni madini ya chuma yaliyomo katika chumvi ya mwamba, ambayo nyingi huchimbwa Khewra, Pakistan. Kazi inafanywa na mashine iliyowekwa nyuma ya tundu dogo ukutani, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita halojenereta. Ndani yake mna kinu kinachosaga chumvi safi ya daraja la dawa, halafu feni huipuliza chumbani. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza mapokezi ni hili: mashine iko wapi? Wakikuonyesha kuta peke yake, unalipia mahali pa kupumzikia.

Chumvi ya mezani haifai katika kinu hicho. Ina madini joto na viungo vya kuzuia isigandamane, na vitu hivyo havikukusudiwa kuvutwa mapafuni.

Ukubwa wa chembe ndio kila kitu. Tunataka chembe za maikroni 1 hadi 5; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa karibu maikroni 70. Chembe inayozidi 10 hunasa puani na kooni. Iliyo ndogo kuliko 1, nyingi huingia na kutoka tena na pumzi. Huhitaji maabara kujua mashine inasagaje. Chembe ya maikroni 2, hewa ikiwa imetulia, huchukua zaidi ya saa mbili kushuka kutoka dari ya mita 2.4 hadi sakafuni. Ya maikroni 20 hushuka safari hiyo hiyo kwa dakika moja na nusu. Basi ukitoka na nguo nyeusi iliyojaa unga kama umetoka kusaga mahindi, chumvi ilikuwa nene mno, na sehemu kubwa yake iliishia mabegani badala ya kifuani.

Kwetu pwani tatizo kubwa ni unyevu. Kila mwenye jiko anajua chumvi inavyoloa ndani ya kopo wakati wa masika, mpaka watu wanaitilia punje za mchele. Chumvi huanza kujiyeyusha yenyewe unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hufika hapo mara nyingi, hasa alfajiri. Chumvi ikilowa, kinu kinaziba, na chembe ikitoka huvuta maji na kunenepa hewani kabla hujaivuta. Hapo ndipo watu husema chumvi imewawasha koo tu, hawakuona faida. Chumba kinatakiwa kiwe na unyevu wa asilimia 40 hadi 60 na joto la nyuzi 18 hadi 24. Kiyoyozi husaidia, ila msimu wa mvua mara nyingi hakitoshi bila mashine ya kukausha hewa. Mlango ukifunguliwa kila mara, kazi yote inaharibika, kwa hiyo ukichelewa ukaambiwa usubiri zamu nyingine, usikasirike.

Fika robo saa mapema. Vaa nguo nyepesi ya pamba, bila manukato wala losheni yenye harufu kali, kwa kuwa jirani yako anaweza kuwa na pumu. Vua lenzi za macho. Simu iache nje: vumbi la chumvi likikutana na unyevu wa mfukoni hula chuma cha tundu la chaji. Utavua viatu, utalala kwenye kiti cha kuegemea, utasikia mngurumo mdogo wa kinu ukiwaka na kuzima. Dakika kumi za kwanza pengine usihisi chochote. Baadaye ukilamba midomo utaonja chumvi, na ukitazama mwanga wa taa utaona ukungu mwembamba sana ukielea.

Pumua kwa pua, taratibu, kama mtu anayekaribia kusinzia. Wengi huvuta hewa kwa nguvu wakidhani watapata zaidi, kumbe chembe ikija kwa kasi hushindwa kukata kona ya koo, inagonga na kubaki pale pale. Mtoto mdogo dakika 20 hadi 30 zinamtosha, na mzazi awe naye ndani.

Kikohozi kidogo au makamasi kuanza kutiririka ni jambo la kawaida. Chumvi huvuta maji kwenye utando wa njia ya hewa, makohozi yanalegea, nayo yakilegea lazima yatoke. Kunywa glasi mbili za maji ukitoka, na usikimbilie dawa ya kuzuia kikohozi usiku huo. Kifua kubana au kuanza kutoa mluzi ni jambo jingine kabisa: toka mara moja. Chumvi kali inaweza kubana mirija ya hewa ya mwenye pumu. Hospitali hutumia mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 4.5 kupima mirija iliyo nyepesi kubana. Inhela yako ya bluu iwe mfukoni, na dawa ya kila siku usiiache kwa sababu umelala kwenye chumvi.

Wenye presha huniuliza kuhusu chumvi kuingia mwilini. Tupige hesabu. Hata chumba chenye miligramu 10 kwa kila mita ya ujazo, ambacho ni kikali, mtu aliyelala huvuta kama theluthi moja ya mita hiyo kwa dakika 45. Ni miligramu tatu na kitu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi ya chakula isizidi gramu 5 kwa siku. Hata hivyo, presha isiyodhibitiwa, moyo kushindwa kufanya kazi au figo mbovu, sema na daktari wako kwanza.

Kwenye kifua kikuu sina mjadala. Kikohozi kilichopita wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu: nenda ukapimwe makohozi kabla ya kukaa na watu katika chumba kilichofungwa. Mwenye homa naye asubiri ipite.

Chumba hiki hakiponyi pumu, wala "hakitoi sumu" mwilini kama matangazo yanavyodai. Utafiti wa chumvi kavu ni mchache na mdogo. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7 kwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Hiyo ni tiba nyingine na ugonjwa mwingine. Ninachokiona kinafaa ni kulegeza makohozi mazito na pua iliyoziba. Mara mbili au tatu kwa wiki, ukiandika kila asubuhi ulivyolala na ulivyokohoa. Zikifika zamu sita na daftari halionyeshi tofauti, usinunue kifurushi cha zamu kumi.