Detonesheni katika injini ya ndege, na kwa nini Goma si Moanda

Detonesheni ni hali ambayo sehemu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa ndani ya silinda, ambayo moto wa buji bado haujaifikia, huwaka yenyewe yote kwa pamoja kwa sababu ya joto na mgandamizo. Kwa kawaida cheche huanzisha moto unaosambaa hatua kwa hatua, na mgandamizo hufika kileleni pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka. Detonesheni ikitokea, kilele hicho huja mapema na kwa kishindo, huvunja utando mwembamba wa gesi unaokinga kuta za silinda, na joto ambalo lingetoka kwa ekzosti huingia katika aluminiamu ya pistoni. Ikiwa kali, inaweza kuitoboa pistoni kwa muda wa dakika chache. Dereva wa pikipiki anayepanda mlima na esansi mbaya husikia injini ikigonga, lakini rubani hasikii kitu, kwa kuwa kelele ya propela hufunika mlio huo.

Rubani wa ndege ndogo ya pistoni ana kishikio chekundu cha kuongeza au kupunguza mafuta. Mafuta yote na hewa yote huungua bila baki takriban kwenye sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta, kwa uzito, ilhali nguvu kubwa hupatikana kwenye mchanganyiko mzito kidogo kuliko huo (wenye mafuta mengi zaidi), na hapo hapo ndipo joto la silinda na hatari ya detonesheni huwa kubwa zaidi. Mchanganyiko ukizidi kuwa mzito, moto hupungua kasi na kilele cha mgandamizo huchelewa, ndiyo maana mafuta ya ziada hulinda injini inapofanya kazi kwa nguvu zote. Ukiwa mwepesi mno, joto nalo hushuka, na injini hupoteza nguvu au hutetemeka.

Sasa, je, ni hatari kupunguza mafuta kabla ya kuruka? Swali hili halina jibu moja kwa viwanja vyote. Nchini Kongo, uwanja wa Goma uko kwenye mita zipatazo 1,550, Kavumu ya Bukavu iko juu zaidi, na Luano ya Lubumbashi iko karibu na mita 1,300. Mchana wa nyuzi 25, hewa ya Goma ina msongamano wa takriban asilimia 80 ya ule wa kawaida wa usawa wa bahari, kwa hiyo injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda), hata ikifunguliwa yote, hutoa robo tatu ya nguvu zake na kidogo tu juu yake. Silinda isiyojaa hewa haifikii mgandamizo mkubwa. Huko, anayeacha kishikio mbele kabisa, yaani kwenye mafuta kamili, ndiye anayejitafutia matatizo, kwani injini hukosa nguvu na buji hujaa masizi. Afadhali, kwa kufuata kitabu cha ndege yake, apunguze mafuta hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa, kisha aongeze kidogo.

Kitendo hicho hicho huko Moanda, karibu na bahari, kinaweza kuharibu injini. Vivyo hivyo injini yenye turbo, popote ilipo: turbo huirudishia hewa iliyopungua, na hewa iliyogandamizwa huingia ikiwa na joto, kwa hiyo hata Goma huruka na mafuta kamili.

Mchanganyiko sahihi hausaidii kitu ikiwa mafuta yenyewe si sahihi. Avgas 100LL, esansi ya ndege za pistoni yenye rangi ya buluu, ina madini ya risasi yanayozuia detonesheni, lakini kerosini ya ndege kubwa ikiingia katika pipa lake, oktani, yaani kipimo cha uwezo wa mafuta kustahimili detonesheni, hushuka sana. Tone kwenye karatasi nyeupe hutoa ushahidi: avgas hukauka, kerosini huacha doa la mafuta.

Angani, dalili ni joto la silinda kupanda haraka huku la ekzosti likishuka. Rubani hupunguza nguvu kwanza, huongeza mafuta, hushusha pua ili hewa ya kupoza iongezeke, kisha hutafuta mahali pa kutua. Chini, fundi hatosheki na kusikia injini ikizunguka vizuri. Hutoa buji na kuangalia kama kauri yake imepasuka au ina chembe za aluminiamu, kwani chembe hizo zimetoka kwenye pistoni.