Dupleksi kamili: kusema na kusikia kwa wakati mmoja

Dupleksi kamili ni mawasiliano ambayo pande mbili husema na kusikia kwa wakati mmoja, kama kwenye simu. Redio koli ya kawaida ni nusu dupleksi: ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Mlinzi wa getini inamtosha kabisa.

Kwenye kazi kama ile ya kuunda MV Mwanza, meli ya mita 92.6 iliyojengwa Bandari ya Mwanza Kusini, haitoshi. Mwendesha kreni anashusha bamba la chuma, mwenzake yuko chini anamwongoza. Wa juu akiwa bado amebonyeza kitufe akiuliza "Nishushe?", ule "Simama!" wa chini haumfikii. Na huyo wa chini mikono yote miwili imeshika kamba. Kitufe atabonyeza na nini?

Hapo zinahitajika hedseti za dupleksi kamili, zinazovaliwa kichwani na kuacha mikono huru. Nyingi za kazi hutumia DECT, teknolojia ya simu za mezani zisizo na waya. Kila milisekunde 10 hugawanywa vipande 24, 12 vya kwenda na 12 vya kurudi. Kumbe bado wanapokezana, ila kwa kasi ambayo sikio haliigundui. Angalia pia zimetengenezewa soko gani: za Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, za Marekani 1920 hadi 1930, masafa ambayo huku Tanzania ni ya simu za mkononi. Ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuagiza.

Zile "mita 300" za umbali wa kusikilizana zinazoandikwa kwenye boksi ni za mahali pa wazi. Ndani ya tangi la meli, chuma huzuia mawimbi. Kabla ya kulipa, mmoja aingie ndani kabisa, mwingine abaki juu, waongee.

Sauti nayo isigeuke madhara. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, lakini desibeli 100, kiwango ambacho grenda hufika, kwa dakika 15 tu. Kwa hiyo vikombe vya hedseti vizibe kelele kwanza, ndipo vilete maneno.

Mwisho, chagua zinazochomekwa kwenye nafasi za pembeni mwa helmeti. Utepe unaopita utosini huinyanyua helmeti isikae sawa, na fundi akiinama, vyote viwili vinaishia majini.